Baada ya Daktari Kuondoka: Kumuuguza Mbwa Aliyezaa kwa Shida

Kazi ya kumuuguza mbwa aliyezaa watoto wafu huanza pale ambapo wengi hudhani kwamba imekwisha, yaani daktari wa mifugo anapofunga mkoba wake, wafu wanapozikwa, na mbwa mwenyewe anapolala kwa uchovu. Nayaandika haya kwa sababu ya Waache, mbwa jike wa mjomba wangu, anayelinda shamba la mikorosho upande wa Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara. Mwezi Novemba, katikati ya msimu wa kuokota korosho, alizaa watoto watano na akabakiwa na mmoja. (Jina hilo alilitoa mjomba kwa ajili ya majirani zaidi kuliko kwa ajili ya mbwa, na waliokusudiwa walielewa.)

Habari ya uzazi wenyewe nitaieleza kwa ufupi. Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, na Waache alikuwa ametimiza muda wake. Alianza kusukuma alfajiri. Alipokuwa amesukuma kwa nguvu kwa nusu saa pasipo kutoka kitu, na majimaji ya kijani iliyokolea yakaanza kuonekana kabla ya mtoto wa kwanza, tulimpigia daktari simu. Mojawapo tu ya dalili hizo ingetosha, kwani kusukuma kwa namna ile bila mtoto kutoka huashiria kwamba amekwama, na majimaji ya kijani yanayomtangulia mtoto wa kwanza huonyesha kwamba kondo limekwishaanza kubanduka kwenye ukuta wa mji wa mimba, hivyo aliyemo ndani hapati tena hewa ya kutosha kutoka kwa mama yake. Daktari alifika kwa bodaboda, akakuta mtoto wa kwanza amegeuza kichwa nyuma, akamnyoosha kwa kidole chenye glavu iliyopakwa jeli, akamtoa akiwa amekufa. Njia ilipofunguka ndipo alipompa mama kalsiamu na oksitosini, akitueleza kwamba sindano ya kuongeza uchungu ikichomwa wakati mtoto amekwama inaweza kuupasua mji wa mimba. Watatu waliofuata walitoka wafu. Wa mwisho, naye ni jike, alitoka mlegevu, akasuguliwa kwa taulo hadi akalia.

Wafu hatukuwaondoa papo hapo. Daktari alitaka mama awanuse kwanza na awaache kwa hiari yake, kwa sababu mbwa ambaye watoto wake wametoweka ghafla huweza kuhangaika akiwatafuta, na mahangaiko hayo humchosha mwili ambao tayari umechoka. Waache aliwalamba wote, akarudi tena kwa mmoja wao, kisha akamgeukia aliyekuwa akilia. Baada ya hapo tuliwachukua kwa glavu na kuwazika mbali na kisima, katika shimo refu lililowekewa mawe juu, maana mama mwenyewe anaweza kulifukua kaburi la juujuu.

Kuhusu glavu sitaki nieleweke kwamba ni uzungu. Mimba ya mbwa inaweza kuharibika kwa ugonjwa wa kutupa mimba, yaani brusela, au kwa bakteria wa leptospira, na yote mawili humpata binadamu kupitia majimaji ya uzazi au mkojo. Wakazi wa mikoa yetu miwili, Mtwara na Lindi, hawahitaji kukumbushwa leptospira ni kitu gani: ndiyo homa ya mgunda iliyozuka Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022. Kwa Waache daktari hakushuku maambukizi, kwa kuwa watoto walikuwa wamekomaa na chanzo cha vifo kilionekana wazi, lakini alisema kwamba mbwa anayetoa watoto kabla ya wakati, au anayezaa wafu kwa mara ya pili, hana budi kupimwa.

Glavu zilitatua pia jambo jingine la nyumbani. Wengi wetu huku ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao kwetu mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mjomba hakuona ugumu wowote. Aliweka ndoo ya maji na sufuria kuukuu yenye udongo safi kando ya banda, akasema, "Mwanangu, mbwa wa ulinzi ametulinda sisi na korosho zetu, naye ana haki ya kuuguzwa. Wewe muuguze, kisha oga na ukaswali." Nimewasikia watu wakiifanya najisi kuwa sababu ya kumwacha mnyama ateseke, na kwa maoni yangu hao wanatafuta udhuru tu.

Mahali pa kulala palitupa kazi kuliko nilivyotarajia. Waache alikuwa amejichimbia kitanda katika banda la zana, juu ya viroba vilivyobaki na unga wa salfa ya kupulizia mikorosho. Salfa huwasha ngozi na macho, na mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa amefumba macho na tumbo lake likiwa wazi, bila manyoya ya kulikinga. Tulimhamishia kwenye kona ya ukumbi wa nyuma, tukamtandikia kanga kuukuu juu ya maboksi, na tukawa tunazibadilisha kila zilipolowa. Joto la Novemba linamfaa mtoto lakini humtesa mama, kwa hiyo kitanda kiwe kivulini, na kiwe na nafasi ya mama kujitenga kidogo apate upepo. Jambo lililonitia hofu zaidi usiku lilikuwa siafu, ambao mvua za kwanza huwatoa ardhini. Tulimwaga majivu kuzunguka kitanda, na mjomba akawa anamulika tochi kila alipoamka kwenda msalani.

Sasa nifike kwenye uangalizi wenyewe, ambao ndio moyo wa habari hii. Daktari alituachia kipimajoto na kutuagiza kukitumia asubuhi na jioni, kwa njia ya haja kubwa, kikiwa kimepakwa mafuta. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, na katika siku chache za mwanzo baada ya kuzaa linaweza kupanda kidogo bila kuwa na ubaya. Likizidi 39.5, na hasa likiambatana na kukataa chakula, yafaa kudhani kwamba mji wa mimba au matiti yamepata maambukizi mpaka daktari aseme vinginevyo. Likishuka sana na ufizi ukawa mweupe, huenda damu inavuja ndani. Ufizi wenyewe ni kipimo kizuri kwa asiye na kifaa chochote: ukiubonyeza kwa kidole na kuuachia, rangi ya waridi inapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili hivi.

Uchafu unaotoka ukeni huwatisha wengi pasipo sababu, na wengine huupuuza pale unapokuwa na sababu. Siku za mwanzo huwa wa kijani au wa kahawia iliyochanganyika na damu, kisha hugeuka kuwa wekundu wa kutu, hupungua taratibu, na unaweza kuendelea kuonekana kidogokidogo kwa wiki 3 hadi 6. Hauna harufu kali. Ukianza kunuka uvundo, ukawa na usaha, au damu mbichi ikatoka kwa wingi, mbwa huyo ni mgonjwa hata kama bado anatikisa mkia, na mara nyingi sababu ni kondo lililobaki au mtoto ambaye hakutoka. Kila mtoto huwa na kondo lake, kwa hiyo kuhesabu ni jambo la maana, ijapokuwa mama huyala haraka na hesabu huvurugika. Yetu ilivurugika kwenye la nne, na daktari akalazimika kumpapasa tumbo tena siku iliyofuata ili ajiridhishe.

Matiti ndiyo niliyoyafikiria kidogo mwanzoni na ndiyo yaliyotushughulisha zaidi. Mwili wa Waache ulikuwa umejiandaa kuwanyonyesha watano, na hakuna aliyeuarifu kwamba amebaki mmoja. Chuchu za nyuma, zenye maziwa mengi kuliko za mbele, zilijaa zikawa ngumu, wakati mtoto aling'ang'ania chuchu moja tu aliyoizoea. Tulikuwa tunamhamisha kwa upole kutoka chuchu moja hadi nyingine, na yale matiti yaliyokaza tuliyawekea kitambaa kilicholowekwa katika maji baridi. Kukamua ili "kumpunguzia" hakufai kama hakuna ugonjwa, kwa sababu kila tone linalokamuliwa huuambia mwili utengeneze jingine. Kwa mama aliyepoteza watoto wote kanuni hiyo ina uzito zaidi: asikamuliwe, azuiwe kujilamba chuchu, na chakula chake kipunguzwe kwa siku moja au mbili, bila kumnyima maji, ili maziwa yakauke yenyewe. Titi likiwa la moto, jekundu au la zambarau, likauma linapoguswa, au maziwa yakatoka na rangi ya damu au usaha, huo ni uvimbe wa maambukizi unaohitaji dawa siku ileile, maana linaweza kuoza na kupasuka. Upande mwingine, mtoto aliyebaki alikuwa dawa kwa mama yake, kwa kuwa kunyonya huuchochea mwili kutoa oksitosini yake wenyewe, na hiyo ndiyo inayoukaza mji wa mimba na kuusafisha.

Chakula cha mbwa wa shamba huku kwetu ni ugali wa muhogo na mchuzi uliobaki, na kwa mzazi hicho hakitoshi. Tulimpikia uji mzito wa dona uliochanganywa na dagaa waliochemshwa, na maini kidogo yalipopatikana, sehemu ndogondogo mara kadhaa kwa siku. Ng'onda na papa mkavu vina chumvi nyingi mno, labda vilowekwe na maji yamwagwe, na mchuzi wenye vitunguu usitumike, kwani vitunguu huharibu damu ya mbwa. Mama mwenye watoto wengi huweza kuhitaji chakula mara mbili hadi nne ya kawaida yake, lakini mwenye mmoja akishindiliwa kiasi hicho huongezewa tu maziwa yasiyo na mnyonyaji. Maji safi yalikuwa karibu naye kila saa.

Watu wema walileta ushauri. Mmoja alitaka tumpe parasetamoli, mwingine diklofenaki, na jirani mwenye mbuzi alikuja na chupa ya oksitetrasaiklini tayari kuichoma. Dawa za maumivu za binadamu humdhuru mbwa tumbo, ini na figo, na huweza kumuua kwa kipimo ambacho mtu angekiona kidogo. Oksitetrasaiklini, ambayo ng'ombe na mbuzi huchomwa kila siku, hupita kwenye maziwa na kuyaharibu meno ya mtoto yanayojengeka. Waache alikuwa amepewa antibiotiki iliyochaguliwa kwa kuzingatia kwamba ananyonyesha, na hiyo ilitosha. Tuliwashukuru wote, tukawakaribisha chai.

Kuhusu hali yake ya moyo sitaki kusema zaidi ya nilichokiona. Kwa siku kadhaa alikuwa akitoka kitandani, akienda hadi lile banda la zana alikokuwa amejichimbia, akinusa sakafu na kulia kwa sauti nyembamba, kisha anarudi kunyonyesha. Aliichukua kandambili moja ya mjomba na kuilaza kando ya mtoto. Shangazi alicheka, halafu akanyamaza. Daktari alisema kwamba tabia hiyo hutokana na homoni za uzazi na hupungua yenyewe, na kwamba kumbembeleza sana au kumpokonya kitu chake kwa nguvu hakusaidii. Mjomba akanunua kandambili nyingine. Tulichofanya ni kumtoa kwa matembezi mafupi jioni, kuwazuia watoto wa mtaa wasije kumtazama, na kumwondolea zamu ya ulinzi, ingawa ilikuwa kipindi ambacho wezi wa korosho huwa hawalali.

Hatari moja zaidi haikumpata, lakini ilitufanya tuwe macho kwa wiki zilizofuata. Kalsiamu ya damu inaweza kushuka ghafla, mara nyingi kati ya wiki ya kwanza na ya nne ya kunyonyesha, hasa kwa mbwa wadogo wenye watoto wengi. Huanza kwa kuhema na kutotulia, kisha kutembea kwa kukakamaa, kutetemeka, na mwisho degedege. Hapo hakuna dawa ya nyumbani. Mtoto huondolewa kwenye chuchu, na mama hupelekwa kwa daktari ili achomwe kalsiamu polepole kwenye mshipa huku moyo wake ukisikilizwa. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kumrundikia mbwa vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba huongeza hatari hiyo badala ya kuipunguza, kwa sababu mwili huzoea kupewa na husahau kuichota kwenye mifupa yake.

Mtoto sasa anatembea na ameanza kulamba uji. Waache amerudi kulinda, ingawa mji wa mimba huchukua karibu wiki 12 kurudi katika hali yake. Mimi na mjomba hatujaafikiana kuhusu jambo moja. Mimi napendelea afungwe uzazi mtoto atakapokuwa ameachishwa na maziwa yamekauka, kwa kuwa aliyekwama mara moja anaweza kukwama tena, na wakati huo daktari anaweza kuwa Newala au Masasi. Mjomba anataka azae mara moja nyingine ili shamba lipate walinzi. Kwa sasa amekubali kwamba joto lijalo, yaani atakapoanza tena kutaka dume, Waache atafungiwa ndani, na tumeanza kutengeneza mlango wa banda.