Kijiti cha saba

Nimetoka kazini jioni hii nikiwa na jambo moja tu kichwani, nalo ni kijiti kidogo cha plastiki.

Kwa wasiofahamu, mimi hutafiti multipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia mayelini, yaani utando unaofunika nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo, hata ujumbe unaopita humo ukachelewa au ukapotea njiani. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza mjini Paris mwaka 1868. Dawa za kupunguza mashambulizi tunazo. Ya kuuponya kabisa bado.

Katika kipimo cha leo, mshiriki huchomeka vijiti tisa katika matundu tisa, kimoja kimoja, kisha huvitoa, nami huhesabu sekunde.

Mama mmoja alikwenda vizuri hadi kijiti cha saba.

Hapo vidole vyake vikawa vinakizunguka bila kukishika, ilhali macho yake yalikuwa juu ya kijiti hicho muda wote. Siruhusiwi kusaidia, na kunyamaza huko (nakiri) sijakuzoea.

Akacheka kidogo, akasema, “Nakiona, ila mkono bado haujapata habari.”

Nimewahi kuandika kurasa nzima kuhusu kasi ya mawimbi ya neva, wala sikuwahi kulisema hivyo. Fomu yangu, hata hivyo, ina nafasi ya sekunde tu, kwa hiyo maneno yake nimeyaandika pembeni kwa penseli.

Ninyi mnaoishi na ugonjwa huu, au mnaomuuguza mwenye nao, huuelezaje?