Mizuka wa Gede Huitikia Shikamoo

Mwandishi anayetaka kuwatisha watoto huku akiwachekesha hana budi kuanza na mji, kwa sababu mzuka asiye na mtaa wala jirani hamtishi mtu wala hamchekeshi. Sisi tuishio Malindi hatuhitaji kuubuni mji wa namna hiyo. Uko Gede, kilomita kama 15 kusini kwetu: misikiti, jumba la kifalme, visima na makaburi ya mawe ya matumbawe, vyote vikiwa vimeachwa ndani ya msitu tangu karne ya 17, na mizizi ya miti imezikumbatia kuta. Wareno, ambao walifika Malindi mwaka 1498, hawakuutaja katika maandishi yao, ingawa ulikuwa mwendo wa siku moja tu kwa miguu.

Wataalamu hawajakubaliana kwa nini wakazi walihama. Wengine hutaja kupungua kwa maji visimani, wengine hutaja mashambulizi. Katika riwaya ninayoiandika nimeazimia kutotoa jibu, maana mtoto akishaambiwa sababu, hofu humtoka palepale. Badala yake kila mzuka ana sababu yake, na anaapa kwamba wenziwe ni waongo.

Waakiolojia walioufukua mji huo kuanzia mwaka 1948, wakiongozwa na James Kirkman, walizipa nyumba kadhaa majina ya vitu walivyovikuta humo, na ndiyo maana ipo Nyumba ya Mkasi. Jina hilo ndilo lililonipa mhusika wangu: mshonaji aliyebaki na kanzu yenye mkono mmoja, ambaye kila usiku hutoka kumtafuta aliyemchukulia mkasi wake. Mishi, msichana wa miaka 10, anamkuta ukingoni mwa kisima akiwa amekwisha kufungua kinywa ili apige ukelele.

"Shikamoo, babu," anasema Mishi, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa.

Mzuka anafumba kinywa. "Marahaba, mjukuu wangu. Hawajambo nyumbani?"

Salamu za pwani zikishaanza hazikatizwi, hivyo anauliza habari za bibi, za shangazi, za mbuzi na za mvua, hadi adhana ya alfajiri inasikika na muda wake wa kutisha unakwisha. Jirani yake ana kaburi lililochorwa tarehe inayolingana na mwaka 1399, naye hununa kila mshonaji anapotangulia kuamkiwa, kwa hoja kwamba yeye ndiye mwenye ushahidi wa umri.

Hofu yenyewe nimeiweka mchana. Riwaya nyingi za aina hii hutegemea giza na ukungu, lakini sisi tulikatazwa kupita magofuni jua likiwa la utosi, na sijui kitu kinachotisha kuliko saa sita ya mchana huko Gede, ambapo ndege wamenyamaza na kima mmoja aliyekaa juu ya ukuta anakutazama bila kupepesa macho. Katika msitu huo yumo pia sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, tena wa kweli kabisa wa pwani yetu. Watoto niliowasomea sura hiyo walikataa katakata kwamba yupo, ilhali mshonaji walimkubali bila swali.

Kicheko, kwa maoni yangu, hutoka pale wenyeji wanapokataa kushangaa. Mwandishi akiwafanya watu wazima wote wapige mayowe, mtoto hubaki bila wa kumcheka. Kwa hiyo katika sura niliyo nayo mezani sasa, mshonaji amefika mlangoni pa makumbusho kudai mkasi wake, na karani anamtaka kitambulisho ili atozwe kiingilio cha mwenyeji badala ya cha mgeni. Mshonaji anajibu kwamba ameishi Gede kabla ya mti wowote unaoonekana hapo kuota. Naye karani, bila hata kuinua macho, anamwomba asogee kando kwa kuwa foleni ni ndefu.