Kutoka Herengracht Hadi Antwerp, Kwa Ajili ya Hapsikodi

Tulishuka Amsterdam Centraal saa tatu asubuhi, mvua ya rasharasha inanyesha. Wenzangu wakashika njia ya makumbusho ya Van Gogh. Mimi nilikuwa na anwani moja tu mfukoni, Herengracht 170, nikaenda kwa miguu nikikwepa baiskeli, ambazo mji huu zina haki kuliko mtu.

Nyumba yenyewe haikupotei. Ni pana kuliko jirani zake, ya matofali mekundu na mawe meupe, na uso wake umepinda kidogo kuufuata mfereji. Ilijengwa karne ya 17 kwa ajili ya tajiri mmoja aliyezaliwa Van den Heuvel, akajiita Bartolotti ili arithi mali ya jamaa yake Mtaliano. Lakini si tajiri huyo aliyenileta. Humu ndimo alimoishi kwa miaka mingi Gustav Leonhardt, mpiga hapsikodi, hadi alipofariki Januari 2012. Juu ya mlango kuna maneno ya Kilatini yanayosifu akili na kazi isiyokoma. Yaliandikwa karne tatu kabla yake, ila yamemkaa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona: hapsikodi kwa mbali utadhani piano nyembamba, lakini ndani mambo ni mengine. Piano hugonga uzi kwa nyundo. Hapsikodi huudonoa: ukibonyeza kibao, kijiti kinapanda, na ncha ya unyoya iliyobanwa pembeni mwake inaukwaruza uzi unalia. Masikio yangu yamelelewa Unguja, kwenye taarabu, kwa hiyo mara ya kwanza nilipoisikia niliitambua mara moja. Ni kanuni, kile kinanda cha nyuzi cha taarabu, iliyovalishwa vibao! Tena nadhani ni ndugu wa damu kweli, maana wataalamu wengi huihusisha asili ya hapsikodi na vinanda vya kudonolewa vya ukoo huohuo wa kanuni.

Tofauti ni kwamba mpiga kanuni ana vidole vyake juu ya nyuzi. Akitaka sauti kubwa, anadonoa kwa nguvu. Mpiga hapsikodi hana ruhusa hiyo. Abonyeze taratibu au apige ngumi, sauti karibu ni ileile. Anachobakiwa nacho ni wakati. Anaichelewesha noti kidogo, anaiachilia nyingine mapema, anaweka mwanya mdogo kabla ya noti anayotaka uisikie, na sikio lako linadanganyika kuwa imepigwa kwa nguvu. Leonhardt alikuwa bingwa wa udanganyifu huo. Wapo waliomwona mkavu, na mimi sikatai kwamba alikaa kwenye kiti wima, bila madoido ya mabega. Ukavu wenyewe, hata hivyo, siusikii.

Alizaliwa 1928 huko 's-Graveland. Mwishoni mwa vita kuu ya pili, kijana wa miaka kumi na sita, alikaa amejificha Wajerumani wasimchukue, na nyumbani kwao kulikuwa na hapsikodi. Shule hakuna, umeme hakuna; alipiga na kusawazisha nyuzi. Baadaye akasoma Basel, kisha 1950 akajitokeza hadharani Vienna na moja ya kazi za mwisho za mtunzi Mjerumani Bach, Sanaa ya Fuga. Mjini humo alikwenda kujifunza kuongoza okestra, lakini siku zake ziliishia maktaba akinakili muziki wa kale kwa mkono. Huko alijuana na Nikolaus Harnoncourt, mwanamuziki wa Austria, na kuanzia 1971 wawili hao walirekodi kantata za kanisani za Bach, yaani tungo za waimbaji na ala, kazi iliyochukua karibu miaka ishirini.

Kutoka Herengracht nilikwenda Waalse Kerk, kanisa la wakimbizi Waprotestanti wanaosema Kifaransa tangu 1586, hatua chache tu kutoka mitaa ya taa nyekundu. Ogani yake ni ya Christian Müller, ya 1734, na Leonhardt aliipiga miaka mingi.

Kesho yake nikapanda treni ya Antwerp, Ubelgiji. Hapo ndipo familia ya Ruckers ilipounda hapsikodi zilizotafutwa Ulaya nzima, tangu Hans alipoingia chama cha mafundi 1579. Katika Vleeshuis, jumba la zamani la wachinjaji, nilisimama mbele ya moja ya Andreas Ruckers ya 1644. Karne ya 18 mafundi wa Paris walizipasua nyingi za aina hii na kuzipanua ziongezwe noti. Ni ufundi, lakini roho yangu haikuupenda.

Nilimuuliza mama mlinzi kama zinapigwa. Akaniambia baadhi zimeachwa bila kukazwa, kwani mvuto wa nyuzi ungezipasua mbao. Afadhali nakala. Nakala ndizo zilizompa Leonhardt maisha yake: kuanzia miaka ya 1960 alipiga hapsikodi za Martin Skowroneck, fundi wa Bremen aliyerudia mbinu za zamani wakati viwanda vilikuwa bado vinaunda hapsikodi nzito zenye fremu za chuma.

Na nakala ndizo zinazowalisha wapigaji wa leo. Wanazipakia kwenye gari dogo, wanafika ukumbini mapema, wanasawazisha nyuzi zote wenyewe, wanapiga, na mapumziko yakifika, wenzao wakinywa kahawa, wao wanasawazisha tena.