Kasri la juu ya kabati

Ilikuwa Disemba 2019, nimerudi nyumbani Mombasa likizo, na mimi na marafiki wanne tulikuwa tumeahidiana kucheza D&D (Dungeons and Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi na kurusha kete) Jumamosi ile. Mimi ndo msimulizi, yaani nawapangia dunia na wao wanaigiza wahusika wao humo ndani, na nilitaka sana wakute ngome ya kweli mezani, sio mistari ya kalamu kwenye karatasi. Za kuagiza nje bei yake siiwezi. Nikakumbuka gunia la midoli yetu juu ya kabati la mamangu.

"Hilo kasri wataka kulifanya nini?" Mama akaniuliza. "Marehemu babako alilitoa mitumba Kongowea, we uko darasa la pili."

Nikamwambia nataka kuligeuza magofu. Akanyamaza kidogo. "Usilivunje basi."

Lilikuwa la plastiki, pinki na zambarau, mnara mmoja umekatika tangu kitambo. Kwanza nikasimamisha kijisanamu cha mchezo mlangoni, vile vya kama sentimita 3, manake mlango ukizidi sana jicho linakataa. Ukatoshana kabisa! Nikaliosha na maji vuguvugu na sabuni, sababu mafuta yakibaki rangi haishiki, nikalipiga sprei nyeusi ya hadiwea.

Mwamba wa kulikalisha ndo uliniumiza. Niliuchonga asubuhi nzima kwa ile foamu nyeupe inayokuja ndani ya boksi la TV, nikaupiga sprei ileile bila kufikiria, ukaanza kunywea mbele ya macho yangu, mashimo mashimo kama sega la nyuki. Sprei ina kemikali inayoyeyusha foamu, ilitakiwa niipake gundi nyeupe kwanza ikauke. Niliumia kweli. Wa pili nikaupaka gundi na kuunyunyizia mchanga, na mchanga wenyewe aliuleta Mama kwenye kopo, ameuchekecha na chekecheo lake la unga.

Halafu ile hatua naipenda kushinda zote. Unachovya brashi kwenye rangi ya kijivu, unaifuta kwenye tambara mpaka inakaribia kukauka, ndo unaipitisha juu juu, rangi inashika kwenye kingo tu. Mawe yakaanza kujitokeza moja moja, na nyufa, na mmea unatambaa ukutani mpaka dirishani, na miaka yote niliyolichezea sikuwahi kuviona, pinki ilivificha.

Mama alikuwa ashavuta kiti. "Kumbe lina mawe," akasema. Nikamueleza kwamba hata Gary Gygax, mmoja wa wale wawili waliotoa mchezo huu 1974, alichezesha na midoli ya plastiki ya bei rahisi kutoka Hong Kong, na majitu ya mchezo kama owlbear (nusu bundi nusu dubu) na rust monster (linalotia chuma kutu) yakatokana nayo. Akaitikia tu, macho yako kwenye brashi.

Usiku watu wamekaa, kete ya pande 20 inabingirika, Mama akaja na chai ya tangawizi na mahamri, akaweka sinia, akainamia ule mnara uliokatika.

"Na humu akaa nani?"

Sikuwa nimeweka mtu. Wote wakanitazama mimi.

"Mzee mmoja," nikasema. "Awangoja wanawe."

"Basi mtilieni taa, asikae gizani."

Nikaenda kuchukua brashi nikamtilia tone la rangi ya njano dirishani, tukanywa chai kwanza mpaka likauke.