Nilivyomfundisha mtoto maneno madogo ya kusoma

Mwanangu alishazijua ba, be, bi, lakini kila akikutana na "ya" au "kwa" alisimama kuunga herufi upya, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshampotea. Maneno haya yamejaa kila ukurasa, basi ni bora ayajue kwa jicho, bila ya kuyaunga.

Nilikata boksi la biskuti vipande vya sentimita 6 kwa 10, nikaandika kwa kalamu nene, herufi ndogo tupu. Ukimzoesha NA na KWA za herufi kubwa, akifungua kitabu cha skuli anakuta sura nyengine kabisa.

"Za", "wa", "la" na "cha" hayakai kichwani yakiwa peke yake, maana mtoto hana cha kuyashikia. Niliyaandika na majina yake: karafuu za Pemba, mkate wa mofa, jani la mgomba, kikombe cha chai. Neno dogo nalipigia mstari. Akishazoea, nafunika majina kwa kiganja, asome neno dogo tu. Kisha naweka "cha" peke yake mkekani, yeye atafute jina linaloingiana nalo. Hapo sikio linamsaidia sana, kwani hakuna mtoto wa Unguja atakayekubali "kikombe la chai".

Mapya 3 kwa siku, yachanganywe na 5 anayoyajua, dakika 10 zinatosha. Akikwama nahesabu kimya hadi 3, namtajia. Ukimwacha ahangaike ataanza kubahatisha kwa herufi ya mwanzo. Kadi hiyo naipachika nyuma ya mbili zinazofuata, airudie bado hajasahau. Neno nalihesabu limeingia akilitamka papo hapo siku 3 mbalimbali. Mara tatu katika kikao kimoja si kitu.

"Hii" na "hiyo", "huyu" na "huyo" usiyafundishe pamoja, yapishanishe kwa wiki.

Jengine ni la kwetu hasa. Anayesoma Kurani chuoni jicho lake limezoea kuanzia kulia, hivyo "na" huweza kuwa "an" na "la" ikawa "al". Asigombezwe. Nilitia nukta ya kijani ukingo wa kushoto wa kadi, kidole kianzie hapo.

Maneno yakifika 15, fungua kitabu, mwambie atafute kila "ya" ukurasani kabla ya kusoma. Akiijua kwenye kadi lakini akaipita kitabuni, andika kadi nyengine kwa maandishi madogo zaidi.