Kahawa ya Elgon: kumbukumbu ya msimu wetu wa kwanza wa kuuza nje

Septemba 2024

Tuko kaya 38, wote miteremko ya Mlima Elgon upande wa Bungoma, juu kidogo ya Kapsokwony. Hakuna mwenye zaidi ya ekari mbili za kahawa. Wengi tuna miti mia mbili, mia tatu, imechanganyika na migomba na maharagwe. Siku zote tumepeleka matunda kwenye kiwanda cha ushirika, tukapewa stakabadhi, tukaenda nyumbani kusubiri. Msimu huu tumepatana na ushirika watukodishe tangi moja na meza nne za kuanikia. Sehemu ya kahawa yetu tutaisindika peke yake kwa masharti makali, kisha tuitafutie mnunuzi wa nje anayelipia ladha. Mimi ni katibu na daftari liko kwangu, kwa hiyo naandika.

Miti yenyewe ni mchanganyiko. Ya wazee ni SL28, aina iliyochaguliwa katika maabara ya Scott pale Kabete miaka ya 1930. Wanunuzi wanaililia, lakini CBD, ule ugonjwa unaoozesha matunda yakiwa bado mabichi, huimaliza usipopulizia dawa. Ugonjwa huo uliripotiwa mara ya kwanza humuhumu Kenya, mwaka 1922. Waliopanda baadaye wana Ruiru 11 ya miaka ya 1980, na vijana wana Batian iliyotoka 2010, ambayo inaustahimili pamoja na kutu ya majani. Kuna aliyependekeza tutenganishe SL28 iuzwe kivyake. Nilipinga. Kwa kilo tulizo nazo, ukigawanya tena unabaki na mifuko ya kuonyesha wageni.

Oktoba

Kazi yote ya mwezi huu iko kwenye turubai. Kila mtu akileta debe lake analimwaga chini na kuchambua mwenyewe kabla ya mizani. Mabichi, yaliyopitiliza, yaliyotobolewa na mdudu, yote kando. Halafu tunayatia kwenye maji. Yanayoelea hayaingii kwetu, yanakwenda kukaushwa na ganda lake kuwa mbuni.

Wiki ya kwanza tulirudisha ndoo nyingi kuliko tulizopokea. Mama mmoja, mkulima wa siku nyingi kuliko umri wangu, aliniletea tunda mkononi.

“Katibu, hili nalo si jekundu?”

“Ni jekundu mgongoni, Mama. Geuza tumboni.”

Akageuza. Upande uliokuwa umeegemea tawi ulikuwa bado na manjano. Alikaa chini akachambua ndoo nzima upya bila kusema neno, na kuanzia siku hiyo ndiye mkali kuliko sisi sote. Wajukuu zake wanamkimbia.

Kwenye tangi tunategemea fimbo kuliko saa. Kahawa ikishamenywa huwa na utelezi, na utelezi huo lazima uoze ndipo uoshwe. Huku juu usiku ni baridi, kwa hiyo muda wa mtu wa bondeni hautufai. Unachomeka fimbo wima katikati ya kahawa na kuichomoa. Tundu likijifunga, ngoja. Likibaki wazi, chota kiganja, sugua kwa maji: ikikwaruza kama changarawe, osha mara moja. Ukichelewa inaanza kunuka siki, na harufu hiyo haitoki tena hata uioshe mpaka kesho.

Novemba

Mchuuzi amefika. Ana pikipiki, mizani ya kuning’iniza na noti. Analipa shilingi 90 kwa kilo, papo hapo, na haangalii tumbo la tunda wala mgongo. Mabichi anachukua, mekundu anachukua. Inasemekana mzigo wake mwingine unavuka mpaka kuingia Uganda. Mimi sijaufuata kuona.

Hapa ndipo mradi ulipotaka kufia. Kwenye mikutano watu huzungumzia mnunuzi wa Ulaya, ladha, vyeti. Lakini Novemba ni mwezi wa kulipa vibarua wa kuchuma, na Januari karo inagonga mlango. Mkulima ambaye kikundi kinamwambia “utalipwa Juni” na mchuuzi anamwambia “shika hizi” hahitaji somo la uzalendo. Kaya kadhaa zilimuuzia, na mwenyekiti alitaka tuwafukuze. Tulibishana mpaka giza.

Mhazini ndiye aliyeleta busara. Alisema mwanachama atakayeleta matunda alipwe shilingi 50 kwa kilo siku hiyohiyo kwa M-Pesa, na salio lifuate kahawa ikiuzwa. Tulipiga hesabu: tukitarajia karibu tani kumi za matunda, tunahitaji kama nusu milioni. Chama kilikuwa na akiba ya 190,000. Nyingine 300,000 tulikopa kwenye sacco, wanachama sita wakasimama kama wadhamini, mimi mmojawapo. Mke wangu hakufurahi, na sina la kumjibu.

Wiki iliyofuata ndoo ziliongezeka. Si zote zilizopotea zilirudi, ila za kutosha.

Desemba

Mvua za mchana zinatutesa. Saa saba jua kali, saa tisa wingu limeshuka kutoka mlimani, na kila aliye karibu anakimbilia meza kufunika kwa nailoni. Hata jua lenyewe si rafiki: saa za mchana tunafunika pachimenti, yaani punje zikiwa bado na ganda lake, kwa neti, maana ikikauka haraka ganda linapasuka na punje ndani inapoteza rangi. Tunageuza kwa mikono, tunaokota zenye doa. Tunalenga unyevu wa asilimia 11. Mita tumeazimwa na ushirika, na mzee anayelinda usiku huwa anaiwahi: anauma punje moja, anasema “bado” au “imeiva”, kisha tunapima. Mara nyingi wanakubaliana, yeye na mita.

Kazi nyingine ya mwezi ilikuwa kuzunguka mashamba na simu kuchukua alama za GPS. Umoja wa Ulaya una sheria ya mwaka 2023 inayotaka kahawa iingiayo kwao ionyeshe shamba ilikotoka, na kwamba shamba hilo halikutokana na msitu uliokatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kwa shamba lisilozidi hekta 4 nukta moja inatosha, na hakuna mmoja wetu anayekaribia hekta 4. Utekelezaji ulikuwa uanze mwezi huu, wameusogeza mwaka mmoja mbele. Wengine walitaka tuache. Nilisisitiza tumalize, kwa sababu hata mnunuzi asipoidai sheria, orodha hiyo ndiyo inayomwonyesha kwamba kikundi kipo kweli na kila kilo ina mwenyewe. Wazee wawili walikataa kupimwa wakidhani ni mambo ya kodi ya ardhi. Binti wa mmoja wao ndiye aliyewatoa wasiwasi. Mimi nilikuwa nimeshindwa.

Januari 2025

Tumefunga daftari la matunda: kilo 9,800. Kibali cha kusafirishia kimepatikana, pachimenti imekwenda kinuni, imekobolewa, ikapita kwenye chekeche. Matokeo ni mifuko 24 ya kilo 60. Yaani karibu kilo saba za matunda kwa kilo moja ya kahawa safi, na kuna watu kikundini waliokuwa hawajawahi kuiona hesabu hiyo kwa macho yao.

Zilizobaki juu ya chekeche namba 17 na 18 ndizo AA: mifuko 5. Za namba 15 na 16 ni AB: mifuko 11. PB, zile punje za mviringo zinazokaa peke yake ndani ya tunda, mifuko 2. Sita zilizobaki ni C na madaraja ya chini. Kulikuwa na manung’uniko kwamba AA ni chache. Nimeeleza, na nitaendelea kueleza, kwamba AA ni ukubwa wa punje tu. Kikombe hakijui chekeche.

Februari

Nairobi, kwenye chumba cha kuonjea. Vikombe vitano kwa kila sampuli, ili kimoja chenye kasoro kisijifiche. Gramu 8.25 za kahawa kwa mililita 150 za maji ya nyuzi 93. Dakika nne zikipita, mwonjaji anainama mpaka pua inakaribia kugusa povu, anavunja utando kwa kijiko, ananusa. Baadaye anavuta kwa kijiko kwa sauti ambayo nyumbani kwetu ingemletea mtoto kofi.

Alama 80 kati ya 100 ndiyo mlango wa kahawa bora. Mzigo wa Oktoba na Novemba ulipata 85.25: utamu wa sukari ya miwa, uchachu wa wastani, mwisho wenye ladha ya chai nyeusi. Mzigo wa Desemba ulipata 82. Mwonjaji alitandaza sampuli iliyokaangwa na kuniokotea punje zilizokataa kuiva rangi, njano kama karanga. “Haya yalikuwa matunda mabichi,” alisema. Nilipiga picha nikaituma kwenye kundi letu la WhatsApp bila maelezo. Mama wa turubai alijibu: “Si yangu hayo.”

Mwezi huuhuu bei ya kahawa kwenye soko la New York imepita dola 4 kwa ratili, jambo ambalo haijawahi kufanya. Mchuuzi naye amepanda hadi 130 kwa matunda machache yaliyobaki mitini. Simu yangu haipoi.

Aprili

Mnunuzi ni mkaangaji mdogo wa Ujerumani. Amechukua AA, AB na PB kwa wastani wa dola 9.20 kwa kilo. Sisi hatuna leseni ya kusafirisha nje, kwa hiyo karatasi zote, kuanzia cheti cha afya ya mimea cha KEPHIS, zimepitia kampuni yenye leseni, nayo ina ada yake. Kontena la futi 20 huingia mifuko kama 320. Yetu 18 imepanda pamoja na ya wengine. Ile mifuko 6 imenunuliwa na mkaangaji wa Eldoret kwa shilingi 650 kwa kilo, akalipa wiki hiyohiyo, akauliza kama kuna zaidi. Nadhani huyu tumemdharau bure. Hakuna meli, hakuna dola, na hata hataki AA.

Juni

Fedha zimeingia. Jumla zaidi kidogo ya shilingi milioni 1.5. Kinu, usafiri, ada ya kampuni, mifuko, sampuli, vibarua wa meza na riba ya sacco vimekula karibu laki tatu. Riba peke yake zaidi ya 26,000. Kila kilo ya matunda imebaki na shilingi 124. Walishapokea 50, tumewatumia 74.

Hesabu niliisoma mbele ya wote, stakabadhi zikipitishwa mkono kwa mkono. Aliyemuuzia mchuuzi Novemba kwa 90 ameona tofauti. Aliyemuuzia Februari kwa 130 ametupita, na alisimama akasema hivyo. Ni kweli. Niliandika kwenye kumbukumbu za mkutano kama alivyosema.

Mnunuzi anataka mifuko 40 msimu ujao. Kuna wanaotaka tununue matunda ya wasio wanachama ili tufikie. Mimi sikubali, kwa sababu nimeona ugumu wa kuwafundisha watu 38 kugeuza tunda. Afadhali mifuko 25 yenye alama zile za Oktoba, na ya Desemba tumpe wa Eldoret. Sacco imekubali kutukopesha tena, safari hii bila wadhamini sita. Kinachobaki ni malipo ya awali: mhazini anasema 50 ibaki, ili riba isikue. Kura ni Jumamosi. Yangu inakwenda kwa 70.