Nimekubali kuchomwa leza machoni, na kazi yangu ni ya usiku

Tangu nirudi kutoka Dar kila nikikaa pale mwaloni Katonga, hapa Kigoma boti zinaposhushia samaki, lazima atokee mtu aniulize, eti mzee kweli ulikubali wakuchome macho? Nimechoka kurudia, kwahiyo naandika hapa mara moja, mwenye swali namtumia linki.

Sukari ninayo tangu 2009. Vidonge nakunywa, wakati mwingine nasahau, na ugali wa muhogo na migebuka unajua mwenyewe jinsi mtu unavyoshindwa kuacha sahani. Macho hayakuwahi kuniuma hata siku moja na hapo ndo ujinga wangu ulipokaa, nilijua kitu kisichouma hakiumwi. Mwanzoni mwa 2024 tuko majini usiku, taa zimewashwa, dagaa wameanza kupanda, nikaona uzi wa nyavu umening'inia mbele ya jicho la kushoto, nikaupangusa kwa mkono, ukahama, nikapangusa tena ukahama tena, mpwa wangu akaniuliza mjomba unafukuza nini? Nikamwambia uzi. Akasema hakuna uzi hapo.

Nilienda sehemu moja sitaitaja, nikasomeshwa herufi ukutani, nikauziwa miwani, nikarudi nyumbani. Nilisema kabisa nina kisukari lakini hakuna aliyetia dawa ya kupanua mboni wala kuangalia ndani ya jicho. Miwani nzuri tu, nasomea magazeti, ila uzi uliendelea kucheza.

Ziwa letu la Tanganyika likaja kufungwa miezi 3 mwaka huohuo, 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wazaliane. Wengi walilia na mimi nililia, lakini mke wangu akasema wewe si hukuwa na nafasi, sasa nafasi hiyo hapo, panda treni. Nikaenda kukaa kwa mdogo wangu Mbagala.

Huko ndo nikatiwa matone, ukasubiri nusu saa hivi, mboni ikawa kubwa kama ya paka gizani, daktari akachungulia kwa taa kali mpaka machozi. Akasema macho yote mawili nyuma kule mishipa mipya imeota na la kushoto limeshavujisha damu kidogo, ule uzi wangu ndo damu yenyewe. Kisukari cha muda mrefu kinaharibu mishipa midogo ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, mingine inavuja mingine inaziba kabisa, sehemu iliyozibiwa inakosa hewa, inapiga kelele kuomba damu, na mwili unajibu kwa kuotesha mishipa mipya. Shida ni kwamba hiyo mipya ni dhaifu, inapasuka inamwaga damu ndani ya jicho, halafu inaacha makovu yanayoweza kuivuta retina mpaka ibanduke. Ikibanduka hapo tunaongea habari za upasuaji.

Nikamuuliza sasa leza inafanya nini, inaziba hiyo mishipa? Akasema hapana, tunachoma pembeni. Hapo sikuelewa. Kwanini uchome sehemu ambayo haijakukosea? Akarudia mara mbili mpaka nikajitafsiria kivyangu: una betri moja na taa sita, betri imechoka, ukiziacha zote zitazimika pamoja saa nane usiku, ukizima za pembeni ile ya katikati inakufikisha alfajiri. Retina ya pembeni ikishachomwa haidai tena hewa nyingi, kelele zinapungua, mishipa ya ajabu inasinyaa. Unatoa pembeni unanunua katikati, kwa sababu katikati ndo unasomea, ndo unatambua sura ya mtu.

Sasa kwa mwalimu au fundi cherehani labda hiyo biashara haina mjadala. Mimi ni mvuvi wa dagaa. Pembeni ya retina ndo kuna chembe zinazoona gizani! Nikamwambia daktari kazi yangu ni usiku, tena tunatafuta usiku wenye giza hasa, mbalamwezi ikiwaka sisi tunalala. Akaweka kalamu chini. Akasema basi lazima ujue kabla hujasaini, usiku utaona hafifu kuliko sasa, upande upande patapungua, rangi zinaweza kufifia kidogo, na nuru iliyokwishapotea leza hairudishi. Nilimheshimu kwa hilo, maana wengine wangeniambia tu mzee saini hapa.

Akanionyesha na hesabu za utafiti mkubwa wa Marekani wa miaka ya 1970, ule waliochoma jicho moja la mgonjwa na lingine wakaliacha ili walinganishe. Kwa macho yaliyofikia hatua mbaya, yaliyoachwa bila leza karibu 26 katika 100 yalipoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuona ndani ya miaka 2, yaliyochomwa yakawa kama 11. Mi nikazitazama hizo namba nikasema daktari, 11 sio sifuri. Akakubali. Nikasema tena, ina maana nisipochoma, baada ya miaka 2 wengi kama mimi bado wanaona? Akasema ndiyo, lakini unapanga kuishi miaka 2 tu? Nilicheka, kwakweli alinipata.

Kuna njia nyingine, sindano. Ndiyo, ndani ya jicho lenyewe, sindano nyembamba sana, dawa inayozima ile kelele ya kuomba mishipa. Mwaka 2015 utafiti mwingine wa hukohuko Marekani ulionyesha sindano haizidiwi na leza kwenye kulinda uwezo wa kuona, tena pembeni panabaki pazuri zaidi. Hapo moyo ukaruka, nikasema nipe hiyo! Akauliza unakaa wapi? Kigoma. Sindano mwanzoni ni kila mwezi, baadaye zinaachana lakini unafuatiliwa muda mrefu, na ukipotea katikati mishipa inarudi kwa hasira, wapo walioacha njiani wakarudi na jicho lililokwisha. Leza ukishamaliza kuchomwa kazi yake inabaki humo humo, hata ukichelewa kliniki sio janga lilelile.

Nilikaa kibarazani kwa mdogo wangu siku tatu nawaza. Nikajiuliza ukweli, ziwa likifunguliwa, mafuta ya injini yanadaiwa, vijana wanataka chao, mimi huyu huyu ninayesahau vidonge nitapanda treni kila mwezi? Najijua. Sindano ni dawa nzuri ya mtu mwenye nidhamu anayekaa karibu na hospitali, na mimi sikuwa yule mtu.

Baba mdogo wa Ujiji alinipigia simu ananikataza, kuna mzee jirani yake alichomwa akapofuka. Nikamtafuta mtoto wa huyo mzee. Kumbe walimpeleka akiwa anashikwa mkono tayari, retina imeshavutwa, leza ikaja mwisho na ndo ikabeba lawama zote. Sisemi leza haina kosa, kuna kitu kimoja muulize daktari wako kabla, kama katikati ya retina kumevimba maji, maana leza ya pembeni inaweza kuongeza huo uvimbe na wengine wanaanzishiwa sindano kwanza. Mimi nilipimwa, palikuwa pakavu.

Siku yenyewe unakaa kwenye kiti, kidevu unaegemeza kwenye mashine, unatiwa matone ya ganzi halafu unawekewa kioo juu ya jicho chenye ute ute, usipepese. Mwanga wa kijani, pa pa pa pa. Nilianza kuhesabu nikafika mia na kitu nikapotea, jicho moja kwa jumla linachukua kama 1,200 hadi 1,600, ndo maana wanagawa siku mbili tatu. Nyingi hazisikiki kabisa, halafu inakuja moja inagonga nyuma ya kichwa kama jino bovu limeguswa na maji baridi, nikaruka, daktari akasema mzee tulia, ukiruka nachoma nisipotaka. Mara ya pili nilimeza panadol kabla, afadhali. Ukimaliza jicho halioni kitu ila weusi wa zambarau, baada ya dakika kadhaa vitu vinarudi vimefifia, na ukitoka nje jua la Dar saa saba na mboni zimepanuka, mdogo wangu alinivuta mkono kama mbuzi mpaka kwenye bajaji.

Nilichoma la kushoto, nikaomba nisubiri nione, wiki tatu baadaye nikachoma na la kulia.

Sasa hivi simu nasoma, ninayeandika haya ni mimi mwenyewe na vidole vyangu. Uzi umepungua, haujaisha. Lakini Agosti ziwa lilipofunguliwa nilitoka na vijana usiku wa kwanza wenye giza, taa nilikuwa naziona vizuri tu, ila kamba iliyokuwa miguuni kwangu sikuiona, nikajikwaa nikadondokea ndoo. Hakuna aliyecheka, na hiyo ndo iliniuma. Wiki iliyofuata unahodha nilimpa mpwa wangu. Mimi nipo mwaloni asubuhi, napokea, nahesabu ndoo, nasimamia wanaoanika, na kelele napiga zaidi ya zamani wanasema.

Kliniki yangu inayofuata nimeomba iangukie mbalamwezi, boti zikiwa zimelala, ili mpwa wangu apate nafasi ya kunisindikiza stesheni, maana kukishaingia giza ngazi za behewa sizioni.